Vidonge vya Gharibu

Kwa miaka kumi na moja Mshamu ndiye aliyekuwa dereva wa Bi Mwanaharusi. Bibi huyo alinunua mpunga kwa wakulima wa Mohoro, na Mshamu akaubeba kwa lori dogo aina ya Kenta mpaka kwenye mashine yake ya kukoboa pale Kibiti. Hakuwahi kugonga hata kuku. Kwa hiyo lori jipya na kubwa zaidi, Fuso, lilipoletwa, alikwishamwambia mkewe Sikudhani kwamba usukani ule ni wake, hakuna wa kugombea naye.

Aliyepewa ni Gharibu, kijana aliyetoka Dar es Salaam na mdomo usiotulia. Mshamu akabaki na Kenta lake kuukuu.

Gharibu alikwenda Mohoro na kurudi mara mbili kwa siku. Mshamu alikwenda mara moja, kama siku zote. "Mtoto ana mikono huyu," Bi Mwanaharusi aliwaambia watu mashineni, na neno hilo Mshamu alilala nalo, akaamka nalo. Kiti cha karibu na bibi, ambacho yeye alikuwa akikikalia wakati wa chai, sasa alikikalia Gharibu. Zamani bibi alikuwa akimuuliza yeye kama njia ya Mohoro inapitika baada ya mvua. Siku hizi alimuuliza Gharibu, na Mshamu akiwa amesimama pale pale.

"Baba Warda," Sikudhani alimwambia jioni moja wakila, "tangu tumenawa mikono hujataja jina la mtu mwingine. Gharibu, Gharibu. Kula basi."

Siku moja Mohoro, wapagazi wakipakia magunia, Mshamu alizunguka nyuma ya Fuso akamkuta Gharibu anameza vidonge viwili kwa soda. Shavu moja limevimba kwa mirungi, macho yamemwiva.

"Unaumwa?"

"Siumwi, kaka mkubwa. Hivi ndivyo vinavyonivusha. Ukimeza, mwili hausemi tena kwamba umechoka. Barabara yote inakuwa yako."

Mshamu aliondoka pale na furaha moyoni, furaha mbaya, ya mtu aliyemfumania mwizi. Njiani alilifuata lile Fuso. Mara mbili aliliona likivuka mstari wa kati taratibu, kama linaloongozwa na mtu anayesinzia, kisha likirudishwa kwa ghafla. Basi la kusini lilipiga honi ndefu na kuchepuka. Mtu mwingine angesema siku ile ile. Mshamu alingoja hadi Ijumaa, baada ya swala, mashineni pakiwa pamejaa watu.

Akasema mbele yao wote. Bi Mwanaharusi alimsikiliza mpaka mwisho, ushungi ameushika kwa vidole.

"Mshamu, tangu gari hili lije hujanipa raha. Mara anakata kona vibaya, mara anachelewa kuzima injini. Leo anakula dawa. Kesho utaniambia ni mchawi."

Watu wakacheka. Gharibu naye akacheka, akampiga Mshamu begani kama mtoto anavyombembeleza babu yake. Kilichomuuma Mshamu zaidi ni kwamba alichosema kilikuwa kweli, ila yeye mwenyewe hakuwa amekisema kwa ajili ya kweli.

Wiki iliyofuata mpunga ulijaa Mohoro, na mvua ilikuwa inatisha. Bi Mwanaharusi akataka kila gari lifanye haraka. Mshamu akasema naye atakwenda mara mbili.

"Usijisumbue, Baba Warda," bibi akamjibu kwa upole. "Umri nao una haki yake. Mwachie Gharibu."

Mshamu alifika Mohoro asubuhi ile, akaenda moja kwa moja kwa Gharibu na kumwomba vidonge. Alitegemea kuchekwa. Gharibu hakumcheka. Alimtolea viwili kwenye karatasi, akamwambia anywe maji mengi, na wema ule ukamkera kuliko dharau.

Mshamu akameza kimoja, na safari ya kwanza ikawa tamu. Mgongo uliokuwa ukimuuma tangu Ramadhani ukanyamaza. Kenta likawa jepesi. Alivuka Daraja la Mkapa akiimba, akayapita magari ambayo kwa miaka kumi na moja alikuwa akiyapisha. Alipoingia mashineni, Bi Mwanaharusi akatoka nje na kutazama saa ya simu yake. "Umewahi leo," akasema. Maneno mawili tu, lakini Mshamu aliyapokea kama zawadi ya Idi. Akageuza gari. Mohoro, wapagazi walipokuwa wakipakia mzigo wa pili, akameza kidonge kilichobaki.

Ilikuwa alasiri, ameshaipita Ikwiriri, jua kali na barabara nyeupe. Mbele yake, pembeni kabisa mwa lami, mwanamke alikuwa anakuja upande wake na mikeka kichwani. Mshamu alimwona vizuri. Aliona hata ukingo mwekundu wa mkeka wa juu. Akajua kwamba Kenta linaelekea kwake na kwamba anapaswa kukanyaga breki, lakini alilijua jambo hilo kwa mbali, kama habari inayosomwa kwenye redio ya jirani. Mguu ulipofika kwenye breki, mikeka ilikwishatawanyika barabarani.

Mwanamke yule aliitwa Habiba, msukaji mikeka wa Dimani. Paja lake lilivunjika mahali pawili. Mshamu alimpandisha garini kwa msaada wa wapita njia, na mmoja wao akamnyang'anya funguo, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali.

Daktari alimtazama Mshamu machoni kabla ya kumtazama mikono yenye damu. "Umemeza nini?"

Mshamu akamweleza. Daktari akatikisa kichwa. "Ile dawa haiondoi uchovu. Inakufichia usiusikie, na akili inachelewa huku wewe unajiona uko sawa kabisa. Hapo ndipo inapoua watu."

Askari wa usalama barabarani alikuwa anaandika. Bi Mwanaharusi alifika magharibi, akihema.

"Nilimeza anachomeza Gharibu," Mshamu akamwambia. "Nilitaka uniambie nimewahi."

Bibi alikaa kwenye benchi. Kisha akapiga simu, Fuso lizuiwe Ikwiriri lisiendelee. Gharibu alikutwa amelalia usukani kituo cha mafuta, injini inanguruma.

Mahakama ilimfungia Mshamu leseni na kumpa kifungo cha nje. Gharibu hakuwa amemgonga mtu. Alifukuzwa kazi tu, akarudi kwao. Hilo nalo Mshamu alimwonea wivu: kwamba mwenzake alimeza mwaka mzima na mikono yake ikabaki safi.

Habiba alipotoka hospitali akitembea kwa magongo, Mshamu na Sikudhani walikwenda Dimani kumjulia hali. Aliwakaribisha, hakumtukana.

"Nilikuona unanitazama," alimwambia. "Nikasema huyu dereva ameniona. Ndiyo maana sikuruka."

Siku hiyo Mshamu hakuweza kunywa chai aliyowekewa.

Akawa mpimaji wa magunia pale mashineni. Baada ya miezi minane Gharibu alirudi kuomba kazi, amenenepa kidogo, sauti imepoa. Bi Mwanaharusi akamgeukia Mshamu mbele ya watu wote.

"Baba Warda, wewe ndiye unayejua. Unasemaje?"

Mshamu alijua kwamba siku hiyo neno lake moja lingetosha. Hakuna ambaye angelicheka. Alimsogelea Gharibu, akamtazama macho kwa muda mrefu, akamwambia anyooshe mikono. Haikutetemeka. Alitamani sana itetemeke.

"Yuko salama," akasema. "Mpeni Kenta kwanza. Safari moja kwa siku, na kila asubuhi nimwone mimi kabla hajaondoka."

Bi Mwanaharusi akaingiza mkono mkobani kutafuta funguo. Mshamu hakungoja kuziona zikikabidhiwa. Alirudi kwenye mizani, akainua gunia ambalo haikuwa kazi yake kuliinua.