Siku Ooko Alipomchokoza Naftaly

Kama hujawahi kuambiwa kwamba treni ya Kisumu iliwahi kuchelewa Nakuru kwa sababu ya chupa ya Fanta, basi hujawahi kukaa karibu na Mzee Ooko.

Ni ile chupa ya zamani, ya kioo, yenye mikunjo mikunjo ubavuni. Ooko aliikwaruza kwa kijiti cha chuma katika bendi ya Vumbi, kwenye ukumbi wa Bondeni, miaka ile suruali zilipokuwa pana chini kuliko mlango wa kanisa. Jioni moja, kwa maneno yake mwenyewe, dereva wa treni alishuka kununua sigara, akaisikia ile chupa, miguu ikamkataa. Akaingia ukumbini. Abiria wakamfuata kumtafuta, nao wakanaswa. Mwishowe akaja mkubwa wa stesheni na bendera yake nyekundu awafukuze wote, na alipoipeperusha, watu wakadhani anaongoza densi, wakamfuata. "Na treni huko nje," Ooko humalizia, "ikaanza kupiga honi kwa mapigo yangu. Haikukosea hata moja."

Hadithi kama hiyo haisimami peke yake. Inahitaji mtu pembeni mwenye uso wa heshima. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Naftaly, mpiga gitaa wa bendi hiyo hiyo, mzee mrefu wa maneno machache aliyefanya kazi kiwanda cha mablanketi wakati Ooko akipaka grisi mabehewa. Kila Ooko alipomaliza, Naftaly angetikisa kichwa polepole, aonekane kama anafikiria sana, halafu aseme, "Hapo umepunguza." Basi. Nani angebisha tena? Wengine wa bendi walikuwa wameshatangulia mmoja mmoja, wakabaki hao wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kuapa.

Halafu Celestine, mke wa Naftaly, akafariki. Tangu mazishi, Naftaly alibakiwa na neno moja tu. Ukimwambia chai iko tayari, "Haya." Ukimwambia mvua imeharibu mahindi, "Haya." Ooko alimpelekea hadithi ya treni, akaiongezea hata askofu ndani, akangoja. "Haya," akasema Naftaly, akageukia dirisha.

Ooko alirudi kwake Bondeni siku hiyo amenyong'onyea. Njiani alijaribu kukumbuka dereva yule alikuwa mnene au mwembamba, akashindwa. Ikampata hofu ambayo hakuwahi kuijua. Alikuwa amezisukasuka zile siku hata hakujua tena uzi upi ni wake na upi ni wa kweli. Naftaly alijua. Naftaly akizima, ukumbi mzima unazima naye, na Ooko atabaki mzee mmoja anayeongea peke yake kwenye benchi.

Alhamisi moja Shantel, mjukuu wa Naftaly, akaja kumtafuta.

"Niaje, mzee Ooko."

"Niaje ni ya marika yako. Mimi nisalimie kama mtu aliyelipa kodi."

Shantel akacheka kidogo. "Habari yako, mzee."

"Sasa hapo. Mbaya. Magoti yanapiga kelele kuliko jirani. Kaa."

Msichana hakukaa. Kwake babu alikuwa kuka, na bibi marehemu kukhu, kwa Kiluhya cha kwao. "Mathe anampeleka kuka kwa Uncle Bethwel, huko Malava. Anasema huku kwetu ni kuketi tu anaketi, afadhali akae nyumbani aone ng'ombe. Jumapili tunakula pamoja, Jumatatu asubuhi anapanda basi."

"Na yeye amesema nini?"

"Haya."

"Haya gani? Ile ya kukubali ama ile ya kuchoka?"

"Siku hizi iko tu moja." Shantel aliangalia viatu vyake. "Mimi nimebembelezwa na hiyo gitaa tangu nikiwa mtoi. Alikuwa anapigia kukhu jikoni akipika. Saa hii nyumba imenyamaza mpaka unasikia friji. Akienda huko hivyo alivyo, mzee Ooko, hatarudi. Si ufanye kitu? Wewe ndio beshte yake."

"Nimeshamwambia uongo wote nilio nao."

"Basi tunga mwingine."

Hiyo ndiyo shida ya vijana wa siku hizi, wanadhani uongo mzuri huchumwa kama sukuma wiki. Ooko alikesha akiutunga siku tatu.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, alivaa koti lake la kijivu na kofia, akaenda mtaa wa Section 58, nyumbani kwa Edinah. Edinah ni binti wa Naftaly na mama yake Shantel, mwanamke wa kuuza vitambaa sokoni, mwenye sauti ya kuita wateja hata akiomba chumvi. Alikuwa amepika kuku, chapati na mboga za kienyeji. Mezani walikuwa wanne. Naftaly alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Kona ya sebule kulikuwa na begi lake, limefungwa tayari.

Ooko alianza mbali. Alisimulia jinsi heroe wa ziwani, wale ndege wa rangi ya waridi, walivyokuwa wakija Jumamosi alasiri kusimama juu ya mabati ya ukumbi, mguu mmoja chini mmoja juu, na bendi ikibadilisha wimbo wanabadilisha mguu.

"Wote?" Shantel akauliza, akijitahidi kumsaidia.

"Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa wa kanisa."

Edinah akacheka hadi akashika kifua. Naftaly akakata kipande cha chapati. "Haya," akasema.

Ooko akasonga karibu. Akaacha maajabu, akaanza kutaja vitu vidogo. Foleni ya kuazima pasi ya makaa, ploti nzima pasi moja. Vijana wa reli wakinukia sabuni ya kipande. Wasichana wa kiwanda wakija wamevua viatu, wameshika mkononi visiingie vumbi, wanavivaa mlangoni. Ukumbi ule mtu hakuulizwa ni wa wapi, aliulizwa tu kama amekuja kucheza au kuegemea ukuta. Mluhya alicheza na Mkikuyu, Mjaluo akammiminia Mkalenjin soda, na wote wakatoka humo weupe kwa vumbi hadi magotini, ndiyo maana bendi ikaitwa Vumbi. Sauti yake ilipungua alipokuwa akisema hayo. Hakuwa anaongeza kitu, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kusema.

Naftaly aliangalia nje. Edinah alianza kukusanya sahani.

Ndipo Ooko akaona hakuna njia nyingine. Akasimama, akachukua kijiko, akagonga glasi kwa nguvu.

"Simamisha muziki!"

Hakukuwa na muziki wowote, ila kwaya ya kwenye televisheni. Shantel akaizima hata hivyo.

Ilikuwa desturi ya ukumbi ule, Wajaluo waliileta, kila mtu akaipenda. Densi ikiwa imepamba moto, mtu aligonga chupa, bendi ikanyamaza, akasimama katikati na kujigamba mbele ya watu, yeye na marafiki zake, hadi pumzi imwishie. Ungeweza kujisifu uwezavyo. Lakini Bondeni waliiongezea sheria yao. Ukimgusa mpiga muziki katika majigambo yako, yeye hakukujibu kwa mdomo. Aliyejibu kwa mdomo alizomewa. Gitaa hujibiwa kwa gitaa, na asiyejibu amekubali. Watu walirudi makwao na aibu zao kwa sheria hiyo.

"Mimi ni Ooko!" akapaza sauti. "Mtoto wa relini, niliyekunywa chai na injini! Leo nasema ukweli ambao nimeuficha kwa ajili ya urafiki. Shantel, umeambiwa nyanya yako alitoka kucheza mara ya kwanza akivutwa na gitaa la huyu?"

"Ndiyo," Shantel akasema, macho yamemtoka.

"Uongo. Siku hiyo bendi ya Olenguruone ilikuja kutualika vita. Kipketer ndiye alishika gitaa. Kipketer ndiye alipiga ule wimbo. Celestine, na gauni lake la kijani, alinyanyuka kwenye benchi kwa sababu ya vidole vya Kipketer! Huyu rafiki yangu alikuwa nje anatafuta waya wa kufunga kamba iliyokatika. Aliporudi akamkuta msichana tayari anacheza, akadhani anamchezea yeye."

Shantel akamgeukia mama yake.

"Mzee Ooko." Edinah aliweka sahani chini taratibu. "Huyo ni mamangu unaongelea. Hajamaliza hata miaka miwili kaburini."

"Ni majigambo, Edinah."

"Ni matusi. Kwa meza yangu. Chapati yangu bado iko mdomoni mwako."

Naftaly alisimama. Alisimama kwa hatua, kwanza mikono, kisha mgongo, kisha yule mtu mrefu mzima. Hakumtazama Ooko. Akapita kati ya viti, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

"Umefurahi sasa?" Edinah akauliza. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Baba anasafiri kesho, na hilo ndilo umempa la kubeba?"

Maisha yote mdomo haukuwahi kumwacha Ooko mkono, na sasa ulikuwa mkavu. Akatafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani. Akamgeukia Shantel amwambie pole, na msichana akainua kidole.

"Ngojeni."

Nyuma ya mlango kitu kizito kilishushwa kutoka juu ya kabati. Kikakohoa vumbi, au mtu ndiye aliyekohoa. Kisha ukasikika mlio mmoja, mbaya, uliolegea kama kamba ya nguo. Ukapandishwa. Ukapanda tena. Ukafuata wa pili, ukabishana na wa kwanza, ikapatana.

Edinah alikaa.

Mlango ulipofunguliwa, Naftaly alitoka na gitaa likiwa na nyuzi nne kati ya sita. Alirudi kwenye kiti chake, akalipakata, akatazama vidole vyake kama watu aliowakopesha zamani. Akaanza.

Nisiongeze chumvi hapa, maana hata Ooko haongezi akifika hapa. Alipiga vibaya. Kidole kilikosa, kikarudi, kikakosa tena. Gumba lake lilitembea kama mtu anayevuka barabara ya Nairobi na miwani ya mwenzake. Lakini kwenye mzunguko wa tatu besi ikashika njia, ule mwendo wa kwao magharibi, gumba likienda zake chini na vidole viwili vikicheka juu. Ulikuwa wimbo wenyewe. Na haukuwa wa Kipketer, hata kipofu wa masikio angejua.

"Chupa!" Ooko akanong'ona. "Shantel, chupa!"

"Ya nini?"

"Ya Fanta!"

Shantel akaleta ya plastiki. Ooko akaitazama kama mtoto aliyempata nyumbani si wake. Akaitupa, akakimbilia jikoni, akarudi na uma na ile grater ya kukwaruzia karoti, akaketi ubavuni mwa Naftaly, akaingia wimboni. Kra-ka-kra, kra-ka-kra. Vipande vya karoti vilimrukia kotini. Edinah, na machozi bado mashavuni, alianza kutikisa bega moja, halafu la pili, halafu akasimama kabisa na kitambaa cha vyombo mkononi.

Naftaly akasimamisha gitaa kwa kiganja.

"Ooko."

"Naam?"

"Unakimbia. Tangu zamani unakimbia. Dereva wako wa treni alichelewa kwa sababu alikuwa anatafuta mapigo."

Shantel alipiga ukelele. Ooko akainamisha kichwa, kwa aibu watu walidhani, kumbe alikuwa anaficha uso.

Wakaanza upya. Walipofika mahali ambapo Celestine alizoea kuitikia kutoka jikoni, mkono wa Naftaly ulisimama wenyewe. Hakuna aliyemhimiza. Alikaa amefumba macho, friji ikasikika tena. Kisha akavuta pumzi, akaruka mahali hapo bila kupiga chochote, akiacha nafasi yake wazi, urefu wake kamili, na kuendelea upande wa pili. Mara ya pili alipofika hapo akaiacha tena wazi. Shantel, ambaye alibembelezwa na wimbo huo tangu mtoto, aliitikia. Sauti ilitetemeka. Babu yake hakufumbua macho, ila aliupunguza mwendo ili amngoje.

Baadaye chai ikanywewa. Naftaly aliuliza nani alikufa kati ya wale wa Olenguruone, akaambiwa Kipketer yu hai, anafuga kondoo na ana meno yote. "Meno anayo," Naftaly akakubali. "Gumba ndilo alikuwa hana." Ooko akataka kusema samahani, akaanza, na Naftaly akamsukumia sahani ya mandazi.

Edinah alileta mkasi mdogo wa kucha. Kila Jumapili tangu mama yake aondoke ndiye alimkata baba yake kucha, na leo alitaka mzee aende kwa Bethwel akiwa nadhifu. Akapiga magoti mbele ya kiti. Naftaly akampa mkono wa kushoto, zikakatwa zote tano. Edinah akashika wa kulia.

"Huo acha."

"Baba, zimerefuka. Hasa hii ya gumba."

"Bado fupi. Hapo hapatoi sauti." Akauvuta mkono wake, akauweka kifuani. "Ni lazima iote."

"Basi inatoka saa mbili kesho asubuhi. Tiketi iko."

"Mpigie Bethwel simu. Mwambie ng'ombe wangoje."

Edinah akamtazama baba yake, akamtazama Ooko mwenye karoti kwenye kola, akamtazama Shantel ambaye tayari alikuwa anatafuta namba ya mjomba. Alijaribu kukunja uso wa sokoni, ukakataa kukunjika.

"Na kucha inachukua muda gani kuota, baba?"

Naftaly aliinua gumba kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza huku na huku kwa makini, kama daktari.

"Za watu wengine, mwezi," akasema. "Zangu ziko polepole sana."