Baiskeli na Kitambaa cha Matanga

Wenceslas alizikwa Jumanne. Alhamisi asubuhi watu wa ukoo wake, waliopanda mto kutoka Yanonge, walikaa uani kwake, katika mtaa wa Mangobo, ili kumvika mjane nguo ya matanga. Papa Lambert, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameweka kitambaa cheusi mapajani. Dada yao Pélagie ndiye aliyemfunga nacho mjane, Philomène, kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu, akamweleza masharti ya ukoo wao. Kitambaa hicho hakikatwi, hakishonwi, hakitiwi pini, wala hakipandishwi juu ya kifundo, mpaka mwaka uishe na ukoo wenyewe uje kukivua.

Philomène alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakuwa na ugomvi na matanga. Alimpenda mume wake, na angevaa nyeusi hata bila kuambiwa. Lakini kila alipoinua macho aliiona baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

Ilikuwa mwaka 1956. Philomène alikuwa msaidizi wa mkunga katika zahanati ya watawa, na miezi saba nyuma mtawa msimamizi, Ma Soeur Augustine, alimkabidhi baiskeli ile ya kike ili azungukie wajawazito wa barabara ya Buta, mpaka kilomita ya kumi na nane. Wasaidizi wa ndani ya zahanati walikuwa wametosha. Nafasi yake yeye ilikuwa ya barabarani, na bila baiskeli hakukuwa na kazi. Wazazi wake walikufa zamani. Sasa alikuwa amebaki na binti yake Julie, wa miaka minne, na mshahara ule.

Papa Lambert hakuwa mtu mbaya. Alisema wazi kwamba mtoto wa ndugu yake ni mtoto wa ukoo na alipaswa kulelewa Yanonge, lakini kama mama yake ataweza kumlisha kwa kazi yake, ukoo hautamnyang'anya. Aliitazama baiskeli, kisha akakitazama kitambaa.

"Bon," alisema. "Kazi fanya, na mutoto alale kwako. Lakini kitambaa kibakie vile iko. Siku kinaharibika, nitakuja kumubeba Julie."

Akaondoka na wenzake, akamwacha Pélagie aangalie matanga.

Siku iliyofuata Philomène alisukuma baiskeli hadi kwa Assumani, fundi wa baiskeli kutoka Kasongo, aliyefanya kazi chini ya kibanda cha mabati karibu na soko. Assumani alimzunguka mara mbili akitazama kile kitambaa kinavyoburutika vumbini.

"Mama Julie, unataka kuipanda hii baiskeli ao kuifunika?"

Philomène alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha akaona haya. Zamani mavazi yake ya safari hayakuwa na matatizo: gauni jeupe lililoishia chini kidogo ya goti, viatu vya turubai vilivyofungwa kamba, kitambaa cha kichwa dhidi ya jua. Assumani alimwambia kwamba mwendesha baiskeli anahitaji nguo iliyobana miguuni, isiyo na ncha inayoning'inia. Wanaume hufunga suruali zao kwa kamba juu ya kifundo. Philomène akasema kamba alikwisha kuiomba. Pélagie alimjibu kwamba kitambaa kikifungwa kila mguu peke yake kinakuwa suruali, na mjane wa ukoo wao havai suruali.

Assumani akaizunguka na baiskeli pia, spana mkononi.

"Kama hatuwezi kumuvalisha mama," alisema, "tuvalishe baiskeli."

Akakata debe la mafuta, akalikunja, akafunika nalo mnyororo wote. Halafu akamwita mvuvi mmoja wa kabila la Wagenia aliyemfahamu, naye akaja na uzi wa nyavu na kufuma wavu wa matundu madogo, kutoka kwenye bati la kukinga matope juu ya gurudumu la nyuma hadi ekseli, upande huu na upande ule. Kazi ilichukua siku tatu. Pélagie alikuja kuiona. Aliuvuta wavu kwa vidole, kama mtu aliyekulia kwenye nyavu, akasema fundo ni zuri.

Na kweli ilifaa. Kwa wiki tano Philomène alikwenda na kurudi. Alikanyaga polepole, magoti yakiwa karibu karibu, na kitambaa kiligusa wavu na debe bila kushikwa. Wanawake wa kilomita ya tisa walimtania, wakamuuliza leo amevua samaki gani. Alipofika kwenye mlango wa mjamzito alivaa aproni nyeupe juu ya nguo nyeusi, akafanya kazi yake, akaandika kwenye daftari. Alianza kuamini kwamba mwaka ni miezi kumi na miwili tu, na kwamba miezi hupita.

Pélagie, wakati wanamenya mihogo, alimsimulia mwaka wake mwenyewe wa matanga. Alikuwa akiuza samaki wa moshi mpaka Barumbu. Kitambaa kilimweka nyumbani, na alipovuliwa, mwanamke mwingine alikuwa amekwisha kukaa mahali pake sokoni. Alilisimulia jambo hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja umbali kati ya vijiji viwili.

Asubuhi moja ya Oktoba mtu alifika mbio kutoka kilomita ya kumi na nne. Mke wake alikuwa na uchungu tangu jana, na mwaka uliopita walimzika mtoto wao wa kwanza siku ileile aliyozaliwa. Mvua ilikuwa imeanza. Philomène alichukua mfuko wake, akamtangulia kwa baiskeli.

Kitambaa kilichonyeshewa ni kizito. Kilimnata miguuni, na kiunoni, ambako hakuruhusiwa kukitia hata pini, kikaanza kulegea. Kwenye mteremko wa kilomita ya kumi na moja ncha yake iliponyoka, ikaangukia upande wa kushoto, kwenye mkono wa pedali, ambako hapakuwa na debe wala wavu. Hakuna aliyefikiria upande ule. Kitambaa kikajizungusha mara tatu, pedali ikakwama, na Philomène akaanguka na baiskeli juu ya mawe.

Alikaa kwenye matope akivuta. Magoti yalikuwa yanatoka damu, na viganja pia. Alizungusha pedali kinyumenyume, lakini kitambaa kilikuwa kimeingia kwenye ekseli na hakikuachia. Kukivua na kutembea nusu uchi barabarani hakuweza. Alimfikiria yule mwanamke, na mtoto wa mwaka jana. Akafungua mfuko, akatoa mkasi wa kukatia kitovu, na akakata.

Alipofika kilomita ya kumi na nne alisikia wanawake wakiimba. Mtoto alikuwa amezaliwa kitambo, wa kiume, mzima, analia vizuri. Mabibi walikuwa wamefanya kila kitu. Walimkalisha karibu na moto, wakamwoshea magoti kwa maji ya uvuguvugu, wakamshukuru kwa kuja kwenye mvua. Alimkagua mtoto, akamkagua mama. Hapakuwa na la kuongeza. Njia yote ya kurudi aliisukuma baiskeli.

Pélagie alimkuta uani mchana ule akisuuza matope kwenye kitambaa alichokuwa bado amekivaa. Aliushika upindo, akauangalia.

"Imepasuka ao umeikata?"

Philomène aliendelea kusuuza. Pélagie aliuliza tena, maneno yaleyale, polepole zaidi, kama anayempisha mtu mlangoni.

"Nimeikata, yaya," alisema, kama anayemwambia dada yake mkubwa.

Pélagie aliangalia barabarani. Kisha akavuta kigoda, akautandika upindo magotini pake, na kwa ukucha wa kidole gumba akaanza kuvuta uzi mmoja mmoja kutoka kwenye ule ukingo ulionyooka.

"Kamata upande ule," alisema. "Nguo inapasuka haina mustari namna hii."

Wakakaa wawili, wakivuta nyuzi, mpaka ukingo ukawa na manyoya kama wa nguo iliyoraruka. Philomène aliitazama mikono ya Pélagie, akaelewa kwamba alikuwa anavunja masharti ya ukoo wake mwenyewe kwa ajili yake.

Papa Lambert alikuja Jumamosi na samaki wawili wakubwa. Kabla hajauliza, Pélagie alimwambia kwamba mvua ilimwangusha mjane na pedali ikapasua kitambaa. Lambert aliupapasa ukingo kwa muda mrefu. Alimtazama dada yake, ambaye hakuwahi kumdanganya, na akamwamini.

"Pole kwa magoti, bokilo," Lambert alimwambia shemeji yake, na alikuwa anamaanisha. "Haiko kosa yako. Alors, ni baiskeli ilipasua. Na kesho itapasua tena. Kama unashika baiskeli, utakuwa umeacha matanga ya ndugu yangu, nitamubeba Julie, na huko Yanonge hawatakuruhusu kumuona. Kama unashika matanga, baiskeli irudi kwa masista. Utakuja kumuona mutoto kila wakati unapenda."

"Bila baiskeli sina chakula cha kumupa, papa."

"Minajua," alisema Lambert. "Ndiyo maana atakaa na siye."

Ukweli aliokuwa nao Pélagie ungefanya mambo kuwa mabaya zaidi, na uongo ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake yote.

Jumatatu Philomène alirudisha baiskeli. Ma Soeur Augustine alimsikiliza kwa huruma, akamshika mkono, akasema wajawazito wa barabara ya Buta hawawezi kusubiri mwaka. Atamtafuta mwingine kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumatano wakateremka mtoni. Pélagie aliingia kwanza kwenye mtumbwi, akampokea Julie na kumweka kati ya magoti yake.

"Atalala na miye," alisema. "Kila siku."

Philomène aliitikia kwa kichwa. Wapiga kasia wakausukuma mtumbwi, na mkondo ukaushika mara moja, maana kuelekea Yanonge maji yenyewe hubeba. Julie alikuwa hajawahi kusafiri, na alifurahi. Aliwapungia mkono watu wote waliokuwa ukingoni, wauza kuni, wafua nguo na mama yake, kwa sababu bado hakuelewa ni nani aliyekuwa anabaki.