Treni Iliyosimama Haldis

Alhamisi, tarehe tisa Oktoba 1986, saa nane na dakika kumi mchana, treni ya mahindi ilisimama ikaziba barabara ya kijiji chetu, Haldis, na mke wangu Ardis alikuwa kando yangu ndani ya pikapu, ameshika kifua.

Zamani palikuwa na njia tatu za kuvukia reli hapa. Wakubwa wa jimbo walipohamisha barabara kuu mwaka sabini na moja wakafunga mbili, wakasema moja inawatosha watu kama sisi. Njia nyingine ya karibu iko maili kumi na moja, udongo mtupu, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.

"Emil, ukiikunjia uso hivyo itaogopa iondoke," Ardis akasema. Alitaka nicheke. Midomo yake ilishakuwa ya kijivu.

Jirani yetu Delbert Pfeifle, aliyekuwa mbele yetu na lori lake, akaja dirishani.

"Zunguka, mzee."

"Kwenye matope yale? Nikikwama je?"

"Basi ngoja. Jana ilikaa dakika arobaini, juzi kumi. Hawa hawana saa."

Nikangoja. Injini sikuizima. Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena.

Miaka thelathini na moja nilibadilisha mataruma, yale magogo ya chini ya reli, kwenye reli ile ile. Shule niliishia darasa la nane, lakini treni naijua. Enzi zetu, ikizidi dakika kumi njiani, Torvald, mfanyakazi aliyekaa behewa la mkia, alikuja kwa miguu, akaikata pale barabarani kwa kutenganisha mabehewa, akainua mkono, dereva akasogeza nusu ya mbele, watu wakapita. Hakuna aliyeiandika amri hiyo. Ilikuwa heshima tu. Kisha kampuni ya reli ikaliondoa behewa la mkia, na Torvald pamoja nalo, mahali pake ikaning'iniza kisanduku chenye taa, cha kumpasha dereva habari za upepo wa breki.

"Unakwenda wapi?" Ardis akauliza.

"Kuikata."

"Emil, wewe umestaafu."

"Treni haijui."

Nikaachanisha mipira ya upepo wa breki, nikanyanyua mpini wa kuachanishia mabehewa, nikainua mkono juu. Nilifanya sawasawa na Torvald. Ila huko mbele, nyuma ya kona, kwenye injini walikuwa dereva na mwenzake, watu wa mbali ambao hawakuwa wakitazamia mkono wa mtu. Kisanduku kikawaambia upepo umekwisha, na kwa kanuni zao hiyo ni ajali. Breki zikang'ata mabehewa yote tisini, ikabidi mmoja wao aitembee treni nzima akikagua.

Alipofika kwangu alikuwa anahema.

"Nani kagusa hii?"

"Mimi. Sogezeni mbele, mke wangu anakufa."

Akamtazama Ardis ndani ya gari, akatazama chini. "Siwezi, bwana. Mpaka tupate ruhusa."

"Ya nani?"

"Ya ofisini."

Ofisi yenyewe iko jimbo jingine.

Treni ilisogea saa tisa na dakika hamsini. Ardis alifia kwenye barabara kuu, zikiwa zimebaki maili nne tufike hospitali, na mimi nikaendelea kukanyaga mafuta kana kwamba bado.

Kwenye kikao cha kaunti kuhusu siku ile, mtu wa kampuni alisimama na tai yake akasema niliingilia mali isiyo yangu.

"Na nyinyi mliingilia barabara isiyo yenu," Delbert akamjibu, watu wakacheka.

Mimi nilikuwa na swali moja. Nilipomuuliza, alipanga karatasi zake, akasema nitajibiwa kwa barua.

Tangu siku hiyo sikaliki nyumbani. Naendesha kutoka Haldis mpaka mtoni, sambamba na reli, narudi, naenda tena. Nikikuta treni imesimama nasimama nayo, napima dakika. Moja hukaa tisa, nyingine sabini. Delbert ananiambia nitamaliza matairi kabla sijapata ninachokitafuta.

Barua nimeandika saba. Daftari la dereva wanalo, na amri za siku ile wamezifungia kabatini. Sitaki fidia, na pole yao wakae nayo. Wanitajie saa tu, basi: treni ile, kama nisingeigusa, ingeondoka saa ngapi?