Jina la Kumi na Saba

"Mkono wako, kibodi yako, halafu unaniambia si wewe unayelifuta jina langu?" mshonaji alisema, kiuno kakishika, mlangoni kwa jirani yake mpiga chapa.

"Shoga, mimi natumwa. Katibu wa jengo kasema mkataba wa chumba ulikuwa wa marehemu mumeo, na marehemu hahami. Nikagombane naye?"

"Marehemu hahami, ila mpwa wa katibu anahamia."

Waliojaa kwenye ngazi wakaguna. Jengo lilikuwa linakwenda kubomolewa, na wapangaji walioandikwa kwenye orodha wangepewa vyumba katika jengo jipya. Orodha ilikuwa inachukuliwa saa sita mchana. Asiyekuwemo atajua mwenyewe pa kulala.

Fundi kompyuta akaomba njia, akapita katikati yao na begi lake. Yeye aliitiwa mashine, maneno yalikuwa na wenyewe.

Ilikuwa kompyuta ya mezani, ya zamani, kava limekuwa rangi ya meno ya mvuta sigara. Mpiga chapa akaeleza ugonjwa wake. Barua inaandika, risala inaandika, lakini kila akilifuta jina la kumi na saba, skrini inakuwa ya bluu na mashine inajizima. Ikiwaka, jina limesharudi. Mara tisa tangu asubuhi.

"Virusi?"

"Tuanze na vumbi," fundi alisema.

Alikuwa na utaratibu wake na haruki hatua. Akapuliza vumbi, akabadilisha waya wa umeme, akachomoa kadi ya memori, akayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Mpiga chapa akalifuta jina tena. Bluu. Akamulika tochi ndani zaidi, ndipo akamwona marehemu mume wa mshonaji, urefu wa kidole gumba, kakaa nyuma ya feni na kandambili zake, kakumbatia waya mwekundu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Taratibu na hiyo bisibisi."

"Uko humu siku nyingi?"

"Tangu walipoanza orodha. Joto lipo, lakini unazoea."

Fundi akamweleza kwa adabu kwamba hitilafu yenyewe iko hapo alipokaa. Marehemu akasema analijua hilo, na kwamba yeye akitoka, jina la mkewe nalo linatoka.

Fundi akakuna kidevu. Miaka kumi na minane kazini, hakuwahi kuondoka kwa mteja akaacha mashine mbovu. Mtaa mzima ulimjua kwa hilo.

"Nisamehe, kaka. Mimi nimeitiwa mashine."

"Basi usinishike kwa koleo."

Akamtoa kwa vidole viwili, akamtia katika mfuko wa shati, akafunga kava. Mpiga chapa akalifuta jina. Mashine ikatulia kama maji ya mtungini. Saa sita kasorobo katibu akaja, akaisoma orodha iliyochapwa juu hadi chini, akasema mkono wa fundi una baraka, akashuka nayo.

Fundi akavuka hadi mlango wa pili. Mshonaji alikuwa sakafuni, anafunga vyombo kwa magazeti. Fundi akamweka marehemu kiganjani mwa mkewe.

"Umekonda," mshonaji akamwambia mumewe.

"Joto la mle."

"Na jina langu?"

Marehemu akamtazama fundi. Fundi akatazama viatu vyake.

"Limefutika, dada. Mashine imepona."

Kule kwenye ngazi, watu walikuwa wameshaanza kubishana nani atapata ghorofa ya chini. Mshonaji akamketisha mumewe juu ya cherehani, mahali penye upepo, akaivuta sufuria karibu.

"Usinisimamie mlangoni kama katibu, shemeji," alisema, huku akiifungua sahani moja aliyokwisha kuifunga. "Vua viatu, uingie ule."