Vidonge Ndani ya Pindo

Mteja aliitandaza sketi juu ya meza ya kukatia, akaonyesha doa la njano kwenye pindo. Alikuwa akiipiga pasi akasikia kitu kinapasuka. Kufumua, akakuta kidonge.

"Fundi, umenitilia hirizi? Mume nilishampata, sina haja nayo."

Fundi alicheka, maana ilibidi acheke. Akasema labda kilimdondoka mfukoni, ataitengeneza sketi bure. Mteja alipotoka tu, fundi akakaa.

Wiki sita hakuwa amemeza dawa. Kliniki waliuandika ugonjwa wake skizofrenia. Mtaani waliuita kichaa, wakamaliza. Dawa zilimnyamazishia ile sauti aliyoisikia peke yake miaka miwili, lakini zilimtetemesha mikono, na fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni fundi wa nini? Wateja walianza kumtania kwamba anashona huku anacheza ngoma. Hilo lilimchoma. Kila asubuhi dada yake alisimama mbele yake na glasi ya maji mpaka aone amemeza, naye akakificha kidonge chini ya ulimi hadi dukani. Kwenye pipa la taka hakuthubutu kukitupa. Dada alishawahi kulipekua. Basi akakishonea ndani ya pindo la nguo yoyote iliyokuwa mezani, nguo ikaenda zake kwa mwenyewe. Mikono ilitulia. Mishono ikanyooka kama imepigwa rula.

Sasa sauti ilikuwa imerudi. Ilianzia kwenye pedali ya cherehani, ikinong'ona kila akikanyaga, na tangu juzi ilisema hata cherehani ikiwa imesimama.

Jumamosi ulishona nguo ya nani? iliuliza.

Fundi akakumbuka. Jumamosi alishona sare ya Kipanya, mpwa wake wa miaka sita, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu alitafuna kila kitu: penseli, kola, pindo la gauni.

Ukisema, watakuja na kamba kama mara ile walipokufunga.

Alinyakua mkasi wa kufumulia, akatoka bila kufunga duka. Shule ilikuwa mtaa wa pili, na dada yake alikuwa mfagiaji hapo hapo. Njiani watu wote walimtazama, au sauti ilimwambia wanamtazama. Hakujua tena lipi ni lipi.

Kipanya alikuwa ameketi uani, pindo limo mdomoni.

"Mjomba, mbona unahema?"

Alipiga magoti, akalivuta pindo lililolowa mate. Dada yake, aliyekuwa akifagia karibu, aligeuka, akaona mkasi karibu na mapaja ya mwanawe. Ufagio ukamponyoka.

"Weka chini, mdogo wangu," alisema polepole. "Taratibu. Weka chini."

Umeona? Anakuogopa.

Ilikuwa kweli, na hilo lilimtisha kuliko kamba. Akauweka mkasi chini, akausukuma kwake.

"Fumua wewe. Viko viwili. Ni vyangu."

Dada aliuokota mkasi, akafumua. Cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimebaki nusu, kimekuwa kama uji.

"Kichungu hicho," Kipanya alisema. "Nilitema."

"Sijameza wiki sita, dada. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaona aibu. Sauti imerudi."

"Inasema nini sasa hivi?"

"Kwamba utaita watu wenye kamba."

Dada akautia mkasi ndani ya mfuko wa aproni.

"Hakuna kamba. Tunakwenda kliniki sote watatu. Mtoto aangaliwe, na hiyo habari ya mikono utaisema mwenyewe, waone kama kuna dawa nyingine. Halafu utanitajia kila nguo uliyoitia kidonge."

Alimshika mdogo wake mkono, lakini mtoto alimweka upande wake wa pili. Walipovuka geti fundi alianza kutaja: gauni la muuza maua, suruali ya kinyozi, sare za wale mapacha... Sauti ikamkatiza. Akasimama, akameza mate, akaanza upya: gauni la muuza maua.