Kidole Gumba cha Jemedari

Jemedari hakupewa cheo hicho na jeshi lolote. Alikuwa fundi wa makochi, na cheo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe, pale karakanani kwake, kila Jumapili alasiri, wakati yeye na wenzake walipojibwaga juu ya makochi yasiyokwisha kushonwa ili kucheza gemu na kubishana. Walikuwa watu wazima, wenye wake na waume na vitambi vya kuanzia. Kwao ubishi ndio uliokuwa mlo, gemu ilikuwa chumvi tu.

Duniani, kwa hesabu yao, kulikuwa na mashine mbili za gemu, nyeusi na nyeupe, za kampuni mbili zisizopikika chungu kimoja. Jemedari alikuwa mkubwa wa upande wa nyeusi. Upande wa nyeupe uliongozwa na fundi umeme waliyembandika jina la Kipaza, kwa kuwa hata siri akikunong'oneza inasikika ng'ambo ya barabara.

Petroli kwenye moto huo ilikuwa gemu iitwayo Ngome Saba. Sehemu ya pili, iliyochezwa kwenye mashine nyeusi, ilikuwa korido za mawe na upanga kwa upanga, na Jemedari aliipenda kama alivyolipenda shati lake la harusi. Halafu ikaja sehemu ya tano, tena kwenye mashine nyeupe peke yake. Humo kuta zimebomolewa, mchezaji anazurura atakako, anafuga farasi, anapika, akichoka kupigana anakwenda kuvua samaki. Jemedari alisema hayo si maendeleo bali ni matusi. Ngome isiyo na ukuta ni uwanja wa mpira. Kipaza akajibu kwamba mtu mzima havai kaptura ya darasa la kwanza, na kama watunzi wangekuwa wanarudia kilekile kila mwaka, huyohuyo Jemedari angekuwa wa kwanza kulalamika. Hapo kila mtu aliingilia kati, na mvua ingenyesha wasijue.

Sasa, lisemwalo lipo. Jemedari alikuwa akicheza sehemu ya tano kwa siri, na alikuwa akiipenda.

Ilianza hivi. Mama mkwe wake, mkunga mstaafu, alikuwa akiishi mtaa wa pili. Mwanawe wa mwisho alipohamia mji mwingine kikazi aliacha mashine nyeupe sebuleni, na mama siku moja akaiwasha kuona kama bado ni nzima. Hakuizima tena. Jemedari alipompelekea mtungi wa gesi alimkuta amekwama kwenye daraja la kamba la sehemu ya tano, lile ambalo lazima wachezaji wawili washirikiane, mmoja ashikilie gurudumu ili daraja litulie na mwingine avuke. Akacheka kidogo, akakaa kumwonyesha mama wa watu gemu inavyochezwa, akatumbukia mtoni. Akarudia, akatumbukia. Mama akamwambia taratibu, "Usiwe na pupa, mwanangu."

Basi ikawa kila akifunga karakana anapitia kule. Mkewe alijua, akanyamaza, maana alikuwa hajamwona mama yake akicheka vile tangu astaafu. Wenzake hawakujua, na Jemedari aliomba wasijue, kwani jina lake lote lilisimama juu ya kuitukana mashine ileile.

Jumapili moja ubishi ukapanda mpaka ukahitaji mwamuzi. Wakakubaliana Jemedari na Kipaza wapambane kwenye sehemu ya pili, mashine nyeusi, mizunguko mitatu. Atakayeshindwa afunge domo kuhusu sehemu ya tano mpaka itoke ya sita. Kipaza alikuwa mgeni wa mashine ile, ila mikono yake ni myepesi, akachukua mzunguko wa kwanza. Jemedari akachukua wa pili.

Hapa itabidi nieleze kidogo, maana si wote tuliozaliwa na padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, mkononi. Kabla ya kila mzunguko mashine huuliza kama uko tayari. Kwenye mashine nyeusi, kitufe cha chini maana yake nakubali, cha kulia maana yake naondoka. Kwenye nyeupe ni kinyume chake. Ukicheza sana upande mmoja, kidole gumba hakingoji amri, kinakwenda chenyewe kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Swali likatokea, Jemedari akiwa anatabasamu kwa kujiamini. Kidole kikaenda kulia. Kioo kikaandika kwamba mchezaji wa kwanza amejiondoa.

Mwalimu wa hesabu, mshangiliaji wake mkubwa, akauliza kwa upole kulikoni. Jemedari akalaumu jasho, akalaumu padi, akalaumu vumbi la sponji. Njia ya mwongo ni fupi. Kipaza alikuwa amekitazama kile kidole kama daktari anavyotazama upele.

"Hicho kidole kinalala kwetu," alisema. "Una mashine nyeupe wapi, Jemedari?"

Wakamsakama mpaka akakiri kwamba ni kwa mama mkwe. Kicheko kilichopasuka hapo kingeweza kupasua bati. Na ni kicheko hicho kilichomponza, kwa sababu mtu akichekwa hushika chochote kilicho karibu ajifunike, na kilichokuwa karibu kilikuwa heshima ya mtu mwingine.

"Ni huruma tu, jamani," alisema. "Yule bibi kizee hana mtu. Nakwenda kumshikia padi, kama unavyomshikia mtoto baiskeli."

Hakuna aliyecheka, akashangaa. Kisha akaona wote wanatazama mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale na mkoba wake mkononi. Alikuwa amekuja kukiona kiti chake, kile anachokalia akicheza, ambacho Jemedari alikuwa anakibadilishia kitambaa. Watu wazima wale wote wakasimama wakamwamkia kwa pamoja. Akaitikia marahaba, akakibonyeza kiti kwa kiganja, akasema kitambaa ni kizuri. Alipogeuka kuondoka alimtazama mkwewe usoni.

"Kazi njema, fundi," alisema.

Fundi. Tangu siku ya posa mama huyu hakuwahi kumwita chochote ila mwanangu.

Jioni ileile Jemedari alikwenda kwa mama mkwe. Alikaribishwa vizuri, na huko ndiko kuumia kwenyewe: akakalishwa, akaletewa chai kwenye kikombe cha wageni. Runinga ilikuwa imefunikwa kitambaa. Akaomba radhi, akazunguka, akajieleza kwamba alibanwa na ndimi za watu, kwamba hakumaanisha. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Nimewapokea watoto wa mji huu maisha yangu yote," alisema, "hakuna aliyewahi kunihurumia. Mimi nilidhani tunacheza."

Kweli walikuwa wanacheza. Siku nzima akiwa anapiga misumari alikuwa akiufikiria ule mto na ile sauti ya mama ikimwambia asiwe na pupa. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu saa ya kufunga kazi. Alilisema hilo, kwa sauti ndogo.

"Nimekusikia, fundi. Lakini maneno uliyamwaga barazani, unakuja kuyazoa jikoni?"

Akarudi nyumbani mnyonge. Mkewe, baada ya kusikia yote, alimwambia hana la kumsaidia, mdomo uliosema ni wake na mama aliyesemwa ni wa mkewe. Wiki hiyo alikishona kile kiti kama kiti cha mfalme, akafumua mshono mmoja mara kadhaa kwa kuwa ulikwenda upande kidogo.

Jumapili iliyofuata wenzake walikuta mashine nyeusi imefunikwa gunia. Kiti cha mama kilikuwa katikati ya karakana, mbele ya runinga, na mama mwenyewe amekikalia, na mashine yake nyeupe imechomekwa. Alikuwa amemruhusu Jemedari kuibeba, bila kuahidi kitu. Kipaza aliingia akamwamkia mama, akatafuta pa kukaa.

Jemedari alisimama. Aliwaambia kwamba sehemu ya tano ni gemu nzuri, na amekuwa akiitukana mchana na kuila jioni. Alisema hakwenda kule kwa huruma. "Nakwenda kwa sababu nafurahi," alisema, "na mama ananishinda kwa mbali."

Kipaza alitaka kusherehekea. Akamwomba mama, kwa adabu zote, awathibitishie hawa wakaidi kwamba sehemu ya tano ndiyo bora kuliko zote. Mama akafikiri. Alisema ina mandhari nzuri na farasi wake wana akili, lakini hadithi imepwaya. Sehemu ya pili aliwahi kuicheza kidogo na mwanawe, enzi kijana alipokuwa na mashine nyeusi, na ile ndiyo iliyokuwa na hadithi. Upande wa nyeusi ukalipuka kwa shangwe, Kipaza akataka ufafanuzi, na ubishi ukaanza upya kama vile haukuwahi kulala.

Katikati ya kelele hizo mama aliokota padi ya pili, akampa Jemedari bila neno, akaonyesha kigoda kilichokuwa kando yake. Akakaa. Daraja la kamba likatokea kwenye kioo. Mama akashika gurudumu, karakana nzima ikasogea kutazama, na Jemedari akaenda hatua kwa hatua mpaka kamba ya mwisho kabisa, pupa ikamshika, akatumbukia mtoni mbele ya wote.

Wakamcheka mpaka machozi. Kipaza alilala chini. Mama hakuliachia gurudumu.

"Rudi tena, mwanangu," alisema. "Nimekushikia."