Kimya cha Taha

Kampuni yao iliuza mitambo ya sola, lakini haikuwa tena na ofisi ya kukusanya watu. Kila mfanyakazi alikuwa kwake, na wote walikutana ndani ya mfumo mmoja wa kompyuta ulioitwa Pamoja. Asubuhi Pamoja uliwauliza wameamkaje. Jioni uliwapa alama. Ulihesabu nani amezungumza kikaoni, nani amewasha kamera, nani amempongeza mwenzake.

Bochaberi, aliyehamia mji wa Lamu kumfuata mumewe mwalimu, aliongoza kikundi cha kujibu wateja. Mwezi huo jina la Taha likatokea kwa rangi nyekundu: "Amejitenga na wenzake." Jabez, meneja wao aliyekuwa Nairobi, akampigia simu.

"Huyo mtu hajawahi kusema neno kikaoni. Hataki kazi. Ijumaa nipe pendekezo lako, abaki au aachishwe kazi."

"Lakini wateja wanamsifu. Anavyowaandikia..."

"Bochaberi, mfumo umeshasema."

Taha aliishi kijiji cha Kipungani, kisiwa kicho hicho cha Lamu, na hawakuwahi kuonana. Bochaberi aliona vibaya kumhukumu jirani kwa sababu ya rangi ya jina kwenye kompyuta. Alimwandikia kwamba anakuja, kesho yake akapanda bodaboda.

Alimkuta nyumbani, kompyuta mapajani, mamake kando yake akisuka mkeka.

"Karibu, mwanangu. Pole na ndia," mama alisema kwa Kiamu, akimpa pole ya safari.

Taha akasimama, akafungua kinywa, neno lisitoke. Mishipa ya shingo ikamsimama. Bochaberi hakujua atazame wapi.

"K-k-karibu, Bi Bochaberi."

Hapo akaelewa. Walipoketi akamuuliza polepole, "Mbona hukuniambia?"

Taha alishika simu ili aandike, kisha akaiweka chini. "Nilija... nilijaribu kusema, siku za mwanzo. Nikikwama, mfumo unanizima. Unasema m-mtandao wangu mbovu. Kisha anaitwa mwingine."

Ilimchukua muda mrefu. Mamake hakumtilia hata neno moja mdomoni, aliendelea kusuka. Bochaberi naye akajizuia.

"Nimwambie Jabez?"

"La. Ntasema mwenyewe. Ila wewe usi... usiwaache wakaniruka."

Kikao kilichofuata, Taha aliwasha kamera, akaomba nafasi. Midomo yake ikatikisika, kimya kikatanda. Mara maandishi yakatokea: "Mtandao wa Taha una hitilafu," na sauti yake ikakatwa.

"Haya, tuendelee," Jabez alisema. "Valary, una la kusema?"

"Ngojeni!" Bochaberi alisema. "Si mtandao. Mfungulieni Taha."

Akafunguliwa.

"Nina ki-ki... kigugumizi," Taha alisema. "Sijajitenga na mtu." Kisha akaeleza kwa nini wateja wengi wa pwani hulalamikia betri, akikwama, akianza upya. Hakuna aliyemkatiza.

Jabez alivua miwani. "Samahani, Bwana Taha. Sikujua. Na sikuuliza."

Hesabu ya kuzungumza iliondolewa katika kikundi chao. Wakubwa wa kampuni bado wanabishana juu ya vikundi vingine. Jina la Taha lilibaki jekundu hadi mwisho wa mwezi, kwani hakuna aliyejua namna ya kuibadili rangi hiyo kwa mkono.

Taha hakugeuka msemaji. Vikao vingi hupita bila sauti yake, na hiyo sasa ni hiari yake. Lakini akiomba nafasi, Bochaberi huona wenzake wote wakiacha walichokuwa wakiandika, wakatulia kumsikiliza.